Mzungu Asiye na Ulaya

Katika kijiji chetu, kando kidogo ya Kongwa, ukiniulizia kwa jina nililopewa na mama yangu hutafika kwangu. Watu watatazamana, watasema labda ni mtu wa kijiji cha pili. Lakini ukiuliza, "Kwa Mzungu ni wapi?" utaonyeshwa mara moja: pita kisima, fuata barabara ya zamani ya mradi, nyumba ya tembe iliyo peke yake. Nimeitwa hivyo tangu naanza kutembea, na sasa meno yangu yamebaki machache. Ulaya sijafika. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Dar es Salaam, nilikopelekwa kuuguza mguu.

Baba yangu alikuwa fundi wa matrekta wakati wa mradi wa karanga. Habari zake zinaishia hapo. Mradi uliposhindwa, wazungu walifunga mizigo wakaenda zao, naye akaenda nao mimi nikiwa bado tumboni. Mama, Mgogo wa papa hapa, hakuwahi kunitajia jina lake. Nilipopata akili kidogo nilimwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mama alikuwa anapepeta uwele, akaendelea kupepeta.

"Alikuwa mtu wa haraka," akasema.

Sikuuliza tena.

Nilikulia kwa babu mzaa mama, nikachunga naye, nikaingia jandoni na wenzangu, nikaota ndoto zangu kwa Kigogo. Lakini ngozi haikusikia. Jua likinipiga nawiva kama udongo wa kichuguu, nywele zangu zilikuwa za rangi ya majani makavu, na macho yangu mpaka leo watoto wadogo huyaogopa. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa akinichapa zaidi ya wengine. "Hawa nawasamehe," alisema, "lakini wewe ni lugha ya baba yako." Nilijitahidi mno. Niliona kana kwamba iko mahali fulani ndani ya mwili wangu na ninaisahau kwa ukaidi.

Mambo hayo yalinifaa pia, sitasema uongo. Nilipokwenda kuomba kibarua kwenye ranchi, tulikuwa kundi zima la vijana mlangoni. Msimamizi akaninyooshea kidole. "Huyu apelekwe karakana. Damu yake inajua mashine." Sikuwa nimewahi kushika spana. Wenzangu walipewa majembe na mapanga ya kufyekea, mimi nikapewa ovaroli. Nilijifunza kwa kuungua vidole, na baada ya muda nikawa fundi kweli, wa matrekta na pampu za maji, na kila nilipotengeneza kitu kikapona watu walitikisa vichwa wakasema, "Damu."

Nilipotaka kuoa, wazee wa upande wa pili walitaja ng'ombe wengi kuliko walivyotajiwa wenzangu. Babu yangu alipolalamika, walimjibu kwa upole kabisa kwamba Mzungu ana uwezo. Tulilipa kwa miaka mingi. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba yeye ndiye mke wa bei ghali kuliko wote Kongwa, na kwamba kwa hiyo nisithubutu kumkaripia. Sikuwahi kumkaripia. Alifariki kwa ugonjwa wa tumbo, akaniachia mtoto wetu mmoja wa kiume, ambaye tayari alikuwa na ndevu. Baada ya matanga kijana alikwenda Mererani kwenye machimbo. Alipiga simu mara kwa mara, kisha kwa nadra, kisha namba yake ikawa haipatikani. Nilimtuma mtu aliyekuwa anakwenda huko akamwulizie. Akarudi akasema watu wa machimboni hawaulizani majina.

Kijijini habari ilikuwa nyingine. Nilianza kuisikia kisimani, halafu mashineni: mtoto wa Mzungu amekwenda Ulaya kwa babu yake. Mwanzoni nilikanusha. Watu walitabasamu, kama mtu anavyotabasamu mwenzake anapoficha mavuno. Mwishowe niliacha. Zipo siku, nikiwa peke yangu nasonga ugali, nilijaribu kuiamini mimi mwenyewe. Nilimwona kijana wangu amevaa koti zito mahali penye baridi, amekasirika kidogo, lakini mzima.

Ranchini tulipunguzwa kazi. Mimi nilikuwa kibarua miaka yote hiyo, kwa hiyo hapakuwa na kiinua mgongo wala pensheni. Nikawa nalima uwele na alizeti, na kutengeneza baiskeli na majembe ya kukokotwa, mpaka macho na mgongo vikakataa. Mvua nayo ikawa inakuja inapotaka.

Basi, miaka michache iliyopita tulitangaziwa mkutano wa kijiji. Ulikuwa umekuja mpango wa kuzipa ruzuku kaya maskini kabisa. Kamati ilikuwa imekwishapita nyumba kwa nyumba ikauliza maswali, na kwangu ilifika. Aliyeniuliza alikuwa mgeni, binti mpole, akaandika nilivyomjibu. Kilichobaki ni majina kusomwa mbele ya wananchi wote, kila jina watu waseme linafaa au halifai. Walituambia ndiyo njia ya haki, kwa sababu wanakijiji ndio wanaojuana.

Tulikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikaa kwenye msingi wa zege na rafiki yangu, jirani yangu wa tangu utoto. Tulitahiriwa siku moja, tukaugulia banda moja. Yeye ana watoto wengi na wajukuu wengi zaidi, na jina lake lilikuwa kwenye orodha kama langu.

Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu kutoka mjini. Alituamkia vizuri, akashukuru kwa mahudhurio, akatueleza mpango. Halafu akatabasamu.

"Sasa nyie Wagogo mnajulikana nchi nzima," akasema. "Fedha hii isiende vilabuni. Na nisije nikaipokeza hapa leo, kesho nikawakuta Dodoma mjini mmekaa kwenye lami mmenyoosha mikono."

Watu walicheka kidogo, kicheko kile cha kumpa mgeni heshima. Wazee walitazama chini. Akaendelea kueleza kwamba wenye nguvu watachimba lambo la maji ndipo walipwe sehemu nyingine, kwani watu wa huku wasiposukumwa hawafanyi kazi. Mbele yake walikuwa wamekaa akina mama waliokuwa wametoka shamba tangu alfajiri, miguu yao ina vumbi jekundu mpaka magotini.

Rafiki yangu aliniinamia. "Anatuona hivyo," akanong'ona, "halafu ndiye anayegawa."

"Nyamaza upate," nikamwambia.

Nikiwa Dar es Salaam kuuguza mguu, mgonjwa wa kitanda cha pili aliniuliza natoka wapi. Nikasema Dodoma. "Aa, kwa ombaomba," akasema, kisha akanitazama usoni, akacheka, akaomba radhi. "Wewe siyo wale." Kumbe ngozi yangu ilikuwa imenitoa katika lile tusi. Nilikaa na jambo hilo moyoni siku zote nilizolala pale, kwa maana mama yangu alikuwa wale, na mke wangu, na kila mtu aliyewahi kunipa chakula.

Mtendaji wa kijiji akaanza kusoma majina. Mambo yalikwenda vizuri. Bibi kizee anayelea wajukuu: anafaa. Kipofu wa kule ng'ambo ya korongo: anafaa. Rafiki yangu: anafaa, na mikono ikanyooshwa mingi. Kisha mtendaji akasoma jina langu.

Watu wakageuka huku na huku.

"Ni nani huyo?" mtu akauliza.

"Mzungu," akasema mtendaji.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Hakikuwa kicheko cha chuki, wala sikukisikia hivyo. Kilikuwa kicheko cha watu waliosimuliwa kichekesho kizuri. Hata mimi midomo yangu ilianza kufuata, kwa mazoea, kisha nikaona mwezeshaji ananitazama kwa mshangao na kalamu yake imesimama.

Mama mmoja akainuka, mpika maandazi, jirani yangu wa upande wa kisima. Ni mama mwema. Akasema, "Jamani, Mzungu naye? Ndugu zake wako Ulaya. Mtoto wake yuko Ulaya. Akikaa kwenye tembe ni mapenzi yake tu. Wazungu ndivyo walivyo, hela wanazo lakini hawapendi makuu. Tumwachie nafasi mwenye shida."

"Kweli," watu wakaitikia.

"Mzee, una la kusema?" mwenyekiti wa kijiji akaniuliza.

Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba jana nilikula mlenda mtupu na juzi nilikula mlenda mtupu. Nilitaka kusema sina mtu Ulaya, na kwamba mwanangu sijui kama yu hai. Lakini kusema hivyo mbele ya kijiji kizima ni kuvua nguo, na mimi nimelelewa na watu ambao hawavui nguo mbele za watu. Nikasema, "Sina kitu." Wachache wakacheka tena, kwa sauti ya chini, maana ndivyo mwenye nacho anavyosema.

Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na kuitazama ncha yake.

"Hafai," mwenyekiti akasema. "Tuendelee."

Jina lililofuata lilikuwa la mjane mmoja wa Kibarbaig. Watu wake huku tunawaita Wamang'ati, ingawa wenyewe hawalipendi jina hilo. Alikuwa anaishi na watoto wake watatu nje ya kijiji, kwenye boma dogo la miiba. Alikuwa amesimama pembeni, shuka begani, bangili za shaba mkononi, na nadhani Kiswahili kilichokuwa kikizungumzwa kilimpita zaidi ya nusu.

"Mang'ati ana ng'ombe," sauti moja ikasema.

"Hafai," zikasema nyingine.

Basi. Zamu yake ilikwisha kabla hajajua imeanza. Mtu aliyekuwa karibu naye alimfafanulia kwa mikono. Akaitika kwa kichwa, akakunja shuka yake vizuri, akaondoka.

Nilimkuta njiani, mahali barabara ya mradi inapoachana na kijia cha malishoni. Alikuwa amekaa kutoa mwiba mguuni mwa mtoto. Nilimsalimu, nikataka kupita.

"Na wewe wamekataa?" akaniuliza.

"Wamekataa."

"Wewe una ng'ombe?"

"Sina."

"Hata mimi sina." Akautoa mwiba, akautupa. "Walikufa kiangazi kile. Waliobaki, shemeji alichukua. Bwana amekufa, ng'ombe wa ukoo." Akanitazama machoni bila woga, jambo ambalo si wengi hufanya. "Wewe Ulaya wapi?"

"Sijui, mama. Sijafika."

Akacheka, mara ya kwanza, akaweka mkono mdomoni. Nami nikacheka. Tulicheka pale njiani watu wawili matajiri, mtoto akitushangaa.

Rafiki yangu alinifuata nyumbani jioni ile jua halijazama. Alikaa kwenye kigoda chake cha siku zote. Tulizungumza habari za mbuzi wake aliyekuwa anaumwa. Tulipomaliza mbuzi, nikamwuliza.

"Kwa nini hukusema neno?"

"Ningesema nini?"

"Ulivyoniona. Unakuja hapa kila siku. Unaona ninachokula."

"Naona."

"Basi?"

"Nilidhani unayo akiba," akasema. "Siku zote nilidhani ipo mahali. Nilikuwa nasema moyoni, mwenzangu huyu ni mtu wa siri, siku yake ikifika atanionyesha."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii. Sikukuonea wivu, ujue. Nilifurahi kwamba mmoja wetu anayo."

Sikuwa na hasira naye. Hasira ingekuwa kitu cha kushika. Nilimtazama tu, mtu huyu niliyelia naye bandani, aliyebeba jeneza la mke wangu, na nikafahamu kwamba alikuwa akimtembelea mtu mwingine, mtu mwenye sanduku la fedha chini ya kitanda, na kwamba mimi hakuna aliyekuwa akinitembelea. Alipoondoka nilibaki nje mpaka kuku wakaingia.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mtendaji kulalamika, maana tuliambiwa anayepinga ana haki ya kulalamika.

"Shikamoo mzee," akasema, akanivutia kiti.

"Marahaba." Nikamweleza yote, na safari hii nikavua nguo, kwa kuwa tulikuwa wawili tu.

Alisikiliza vizuri. "Mzee, mimi nakuelewa. Lakini wananchi ndio wameamua. Mkutano ukishasema, niandike nini?"

"Andika kwamba wamesema jambo wasilolijua."

"Nikiandika hivyo, wataniuliza mimi nimelijuaje." Akakuna kichwa. "Na nikuambie ukweli, mzee, hata mimi nilipoona jina lako nilidhani kamati imekosea."

Alikuwa kijana muungwana. Alinisindikiza mpaka mlangoni.

Siku zikaenda. Wenzangu wakaanza kupokea. Siwezi kusema kijiji kilikwenda vilabuni. Niliona mabati mapya, niliona watoto wamevaa viatu, na rafiki yangu alinunua mbuzi jike wawili. Lambo lilichimbwa, na lilichimbwa vizuri. Mimi nilikuwa nikimtembelea yule mjane mara moja moja, nikamtengenezea mlango wa boma na kumnolea panga, naye akinipa maziwa ya mbuzi wake mmoja kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Hatukuzungumza sana. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na mimi Kibarbaig sijui neno. Watu wakaanza kutania kwamba Mzungu anataka ng'ombe wa Mang'ati.

Msimu wa upepo wa baridi ulipofika, kifua kilinibana. Nilidhani ni mafua. Asubuhi moja sikuweza kuinuka kwenda hata nje. Rafiki yangu alinikuta hivyo, akapiga kelele za kuita watu, wakaja, wakanipakia kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili mpaka kituo cha afya.

Wakati nimelazwa, akina mama walikuja kwangu kusafisha, kama ilivyo desturi yetu mgonjwa akiwa hana mwanamke nyumbani. Aliyewaongoza alikuwa yule mpika maandazi. Walitoa kila kitu nje wakianike juani. Nilisimuliwa baadaye kwamba kazi ilikwisha haraka mno. Kulikuwa na kitanda cha kamba, sufuria mbili, blanketi ambalo lilichanika walipolikung'uta, zana zangu za ufundi, na debe la uwele ambalo ukiliinamisha ungeona bati la chini. Sanduku lilikuwapo, nalo walilifungua. Ndani mlikuwa na kanga za mke wangu.

Nasikia mpika maandazi alikaa chini palepale uani.

Niliporudi nilikuta unga, nilikuta blanketi zima, na uani nilimkuta yeye mwenyewe anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Pole, baba," akasema.

"Nimeshapoa, mama."

"Sisi hatukujua."

"Nilisema."

"Ulisema," akakubali. "Tulisikia kwa ngozi yako."

Alikuwa anajaribu kuwa mkweli, na nilimshukuru. Lakini kuna jambo sikulitazamia. Tangu siku ile watu walibadilika. Zamani nikipita karibu na vijana waliokaa, walinyanyuka. Wenye ugomvi wa mipaka walinileta nikae kati, kwani waliona mtu mwenye mali yake hanunuliki. Sasa walinisalimu kwa sauti laini, ile ya kusalimia mgonjwa. Hakuna aliyeniita tena kwenye ugomvi. Mtoto mmoja alinipa nusu ya muhogo wake kabla sijamwomba. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikitamani wanione nilivyo, na waliponiona nikatamani kurudi kuwa tajiri wa uongo. Yule tajiri alikuwa na wageni.

Watu wa mpango walipokuja kuhakiki upya, mkutano ukaitwa tena pale uwanjani. Jina langu liliposomwa hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Mikono ilinyooshwa yote, na mpika maandazi alinyoosha miwili. Mwenyekiti akasema, "Anafaa." Nikabaki nimesimama.

"Keti, mzee, umeshapita," akaniambia.

"Nina neno," nikasema. "Yule mama wa Kibarbaig jina lake silisikii."

Mwenyekiti akamtazama mtendaji. Mtendaji akasema lilikatwa mara ya kwanza na halikurudishwa.

"Lirudishwe," nikasema. "Hana ng'ombe. Nimefika kwake. Ana mbuzi mmoja."

Mzee mmoja, mtu wa kanisani, anayeheshimika, akainuka. "Maneno yako tunayaheshimu," akasema. "Lakini watu hawa tunawafahamu. Wanaficha ng'ombe maporini. Ndivyo walivyo."

"Umewaona hao ng'ombe?"

"Hawaonekani. Ndiyo maana ya kuficha."

Watu wakacheka. Niliwatafuta wenye macho ya huruma waliokuwa wakiniletea unga, nikawaona wanacheka nao, kwa wema uleule.

Rafiki yangu akasimama kwa shida, fimbo mkononi. Sikuwa nimemwomba. "Mimi nilikosea kwa mtu niliyekua naye," akasema. "Nilikuwa naingia kwake kila siku na bado nilikosea. Huyo mama nyumba yake nani kati yetu amewahi kuingia?"

Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa amani, akasema kamati itakwenda kuangalia, kisha mkutano mwingine utaamua. Wakapiga makofi, si mengi, tukatawanyika.

Sikuisubiri kamati. Nilitoka pale nikafuata kijia cha malishoni nikampe habari. Nilikuwa sijafika kwake tangu nilipougua, kwa sababu ya kifua. Boma lilikuwa wazi. Mlango niliomtengenezea ulikuwa umeondolewa, nadhani ameuchukua, mbao zilikuwa nzuri. Majivu mekoni yalikuwa yamekwisha kupeperushwa na upepo. Mchunga mifugo mmoja wa mbali aliniambia amehama kitambo, amekwenda kwa kaka yake anayelinda godauni huko Zuzu, upande wa pili wa Dodoma.

Fedha yangu ya kwanza nilipoipokea nilinunua uwele na dawa ya kifua. Iliyosalia nikaitumia kwa nauli. Nilifika Zuzu, nikauliza kwenye magodauni yote niliyoonyeshwa kando ya reli. Mlinzi mmoja akasema alikuwapo mtu kama huyo, kazi iliisha, ameondoka na dada yake na watoto, labda wako mjini. Nikarudi mjini. Nilizunguka sokoni mpaka miguu ikawaka moto. Kulikuwa na akina mama wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta na watoto wao, vibakuli mbele. Nilipita taratibu nikiwatazama usoni mmoja mmoja, na mmoja akaninyooshea mkono kwa matumaini makubwa kuliko aliyowanyooshea wengine. Nilimpa nilichoweza. Akakitazama kile kiganjani, kisha akanitazama mimi.

Nilimwuliza mwenye duka la vyombo kama amewahi kumwona hapo mama wa Kibarbaig na watoto watatu, ana bangili za shaba.

"Hapa ombaomba wote ni Wagogo, mzee," akasema. "Wamezoea. Hata wapewe nini watarudi." Akaweka sufuria rafuni. Alikuwa na sura ya mtu mkarimu, na alinipa kiti. "Wewe mzee unatoka nchi gani?"

"Kongwa."

"Hapana, kwa asili."

"Kongwa," nikasema. "Mimi ni Mgogo."

Alicheka kwa furaha, akaniambia Kiswahili changu ni kizuri sana. Nilipumzika pale kidogo kwa kuwa miguu ilikuwa inaniuma, nikamshukuru kwa kiti, nikaenda stendi.

Nilifika kijijini jua likiwa limeshaanza kuwa jekundu. Kwa rafiki yangu kulikuwa na wajukuu wake wanagombania pampu ya baiskeli, na yeye hakuwapo, alikuwa amekwenda lamboni kunywesha mbuzi. Nikapita. Nikawasha moto, nikaweka maji ya ugali. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumwambia kuhusu safari, na kwa kuwa hakutokea, niliyasema kwa Kigogo peke yangu, kwa sauti ya kawaida, mpaka maji yalipochemka.